Maji ya Mfereji na Haki ya Mvumbuzi

Katika dunia mna mali za namna mbili. Mali ya namna ya kwanza hupungua igawanywapo. Mwenye debe la mahindi akimpa jirani yake nusu, hubakiwa na nusu. Na mwenye shamba akiuza kipande, shamba lake hupungua kwa kipande kile. Mali ya namna ya pili haipungui. Ukimpa jirani kaa la moto akapikie, moto wa jikoni mwako hubaki vile vile. Ukimfunza mtoto hesabu, hesabu yako haitoki kichwani mwako. Wimbo, kitabu, ufundi wa kusuka kikapu na programu ya kompyuta ni mali za namna hii ya pili. Sheria za mali ya kwanza ni za kale sana. Sheria za mali ya pili ni changa, na watu hawajamaliza kuzibishania. Basi katika insha hii, msomaji wangu, tufuatane tutazame sheria hizo zilikotoka, zilivyotufikia, na lipi twaweza kujifunza juu yake katika milima ya Taita.

Na tuanzie Voi. Atokaye Voi kwenda Wundanyi hupita Mwatate, katika nyika kavu ya miiba na mashamba ya mkonge. Kisha njia huanza kupanda na hewa hubadilika. Huko juu Wataita wamelima miteremko kwa vizazi vingi kwa msaada wa mifereji. Mfereji huanza kwenye kijito, hufuata ubavu wa mlima ukishuka pole pole, hata maji yafike shambani bila ya kuibomoa ardhi. Huu ni uvumbuzi mkubwa, ingawa jina la fundi wake wa kwanza halikuandikwa popote. Lakini usidhani kuwa kwa sababu hiyo mfereji haukuwa na sheria. Maji yaligawanywa kwa zamu, na haki ya zamu ilifuatana na wajibu: mwenye kutaka maji alitazamiwa kushiriki kuuzibua mfereji na kuutengeneza ulipobomoka. Kwa hiyo maji yale hayakuwa ya mtu mmoja, wala hayakuwa ya kila apitaye njiani; yalikuwa ya wale walioutunza mfereji. Yashike maneno haya, maana tutayahitaji mbele.

Ulaya ilishika njia nyingine. Mnamo mwaka wa 1474 mji wa Venice ulitunga sheria kwamba aliyebuni chombo kipya na kukionyesha kwa serikali asiigwe na mtu kwa muda wa miaka 10. Hati ya namna hiyo leo twaiita hataza. Uingereza nayo, mwaka wa 1710, ilitoa sheria ya vitabu: mwandishi wa kitabu kipya apewe haki ya kukichapisha kwa miaka 14, na akiwa hai muda huo ukiisha, aongezewe mingine 14. Huo ndio mwanzo wa hakimiliki. Jambo moja lisikupite hapa: tangu mwanzo haki hizi zilikuwa za muda. Zilikuwa mapatano baina ya mtu na jamii yake. Jamii ilisema: tufunulie siri ya ufundi wako, nasi tutakuachia faida yake kwa miaka kadha, muda ukiisha, ufundi huo ni wetu sote.

Mapatano hayo yalipofika kwetu yalifika pamoja na utawala wa kikoloni, na ufunguo wake ulibaki kwa mtawala. Hataza haikuweza kutolewa Nairobi. Ilipasa kwanza itolewe London, kisha ndipo iandikishwe Kenya. Fikiri, basi, fundi wa karakana ya Voi aliyebuni mashine ya kusaga au ya kukamulia mkonge. Ili apate haki yake ilimpasa avuke bahari kwa barua, kwa wakili na kwa fedha asizokuwa nazo. Uhuru ulipatikana mwaka wa 1963, na mwaka wa 1966 Kenya ikatunga sheria yake ya hakimiliki. Lakini mlango wa hataza haukufunguliwa nyumbani ila kwa sheria ya mwaka wa 1989. Sheria zote mbili zilitungwa upya mwaka wa 2001. Kwa sheria hizo, hataza hudumu miaka 20, na hakimiliki ya kitabu hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Je, ni haki watu kuzuiwa kuiga? Hapa ndipo maoni yanapogawanyika, na ni vema tuyasikilize ya pande zote mbili. Upande mmoja husema: mwandishi hula kama watu wengine. Atumiapo miaka mitatu kuandika riwaya, kisha mwenye duka la fotokopi akaitoa nakala 100 kwa siku moja na kuziuza nusu bei, mwandishi hatapata senti, na riwaya ya pili haitaandikwa. Huenda wewe mwenyewe, msomaji, umesoma kitabu cha darasani kwa nakala za namna hiyo. Sikulaumu kwa umaskini. Nakuomba tu ukumbuke kuwa ziko jasho na usiku wa mtu katika kurasa zile.

Upande wa pili husema: wakubwa wa dunia waliiga kwanza, wakaja kukataza baadaye. Neno hili lina ushahidi. Marekani, hata mwaka wa 1891, haikulinda kabisa vitabu vya waandishi wa nchi za kigeni. Wachapaji wake walichapa riwaya za Charles Dickens bila ya kumlipa, naye alipoizuru nchi hiyo mwaka wa 1842 alilalamika wazi wazi. Tena husema kwamba hataza yaweza kugharimu roho za watu. Mwanzoni mwa karne hii dawa za UKIMWI zilizolindwa kwa hataza zilikuwa ghali kupita uwezo wa wagonjwa wetu wengi. Ndiyo maana sheria ya Kenya ya mwaka wa 2001 iliacha njia ya kuagiza kutoka ng'ambo dawa zile zile zilizouzwa huko kwa bei nafuu. Hapo Bunge lilikumbuka kwamba mapatano ni ya watu wawili, na jamii ni mmoja wao.

Sasa turudi milimani, tuone hasara iwapatayo wasiokuwa na mapatano yoyote. Katika msitu wa Mlima Mbololo, usio mbali na Voi, huota ua dogo la rangi ya urujuani ambalo kwa asili halipatikani mahali pengine duniani. Wataalamu wa mimea walilipa jina la Taita katika maandiko yao ya mwaka wa 1958. Jamaa zake huota katika milima ya Usambara, ng'ambo ya mpaka, na huko ndiko ilikoanza habari yake. Mwaka wa 1892 mtawala wa Kijerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire aliliona ua la jamii hiyo, akalipeleka kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata likaandikwa katika vitabu vya elimu ya mimea, likapewa jina la ukoo wake: Saintpaulia. Toka hapo likaenea madirishani pa nyumba za Ulaya na Marekani, likawa biashara kubwa. Ua hili huoteshwa kwa jani moja tu; na sheria ya Marekani ya mwaka wa 1930 iliruhusu hataza kwa mimea mipya izalishwayo kwa namna hiyo. Hivyo aina nyingi zilizobuniwa na wakulima wa maua zikapata hataza.

Tuwe wa haki. Mkulima aliyetumia miaka kuzalisha ua la rangi mpya alistahili ujira wa kazi yake. Lakini waliotunza misitu iliyozaa ua la kwanza hawakuulizwa neno, wala hawakuandikwa katika hesabu ya faida. Ilipita miaka 100 kamili, tangu 1892 hata 1992, ndipo mataifa yalipokutana Rio de Janeiro na kukubaliana kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea na wanyama wake, na kwamba faida igawanywe kwa haki. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ikaagiza Serikali kulinda ujuzi wa wenyeji juu ya viumbe, na mwaka wa 2016 ikafuata sheria ya kulinda ujuzi wa jadi na sanaa za jadi. Mlango ulifungwa baada ya mbuzi kutoka. Lakini zizini wamo mbuzi wengine.

Maana hata jina laweza kuchukuliwa. Mwaka wa 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kuandikishiwa neno kikoi, kwa tahajia ya kwao, liwe alama yake ya biashara. Neno ambalo mabibi na mabwana wa pwani wamelivaa kwa karne nyingi lingekuwa mali ya duka moja katika nchi ile! Watetezi wa wafumaji walipinga, na ombi likaachwa. Wanawake wa Taita wasukao vikapu vya mkonge wafikiri habari hii. Sheria yetu huruhusu chama cha mafundi kuandikisha alama ya pamoja, ili jina la kazi yao lisitumiwe na asiyeijua kazi hiyo.

Ugomvi huu wa kale ulipata uwanja mpya ilipokuja kompyuta. Programu ni maagizo yaliyoandikwa ili mashine iyafuate. Kwa hiyo sheria ya Kenya huihesabu kuwa maandishi, nayo hulindwa kwa hakimiliki kama kitabu. Wengine walitaka zaidi. Walitaka hataza juu ya wazo lililomo ndani ya programu. Tofauti yake ni kubwa. Hakimiliki husema, usiyanakili maneno yangu. Hataza husema, usilitende jambo hili hata kwa maneno yako mwenyewe. Marekani ilitoa hataza nyingi za namna hiyo. Ulaya ilisita, na mwezi wa Julai 2005 Bunge la Ulaya likakataa pendekezo la kuziimarisha kwa kura 648 dhidi ya 14.

Katika mabishano hayo alitokea mtu aliyeona njia ya tatu. Mmarekani Richard Stallman alitangaza mwaka wa 1983 kwamba ataandika programu ambazo kila mtu ataruhusiwa kuzitumia, kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa. Lakini hakuziacha wazi kama kibanda kisicho na mlango. Alitumia hakimiliki yenyewe kuwa kufuli la kuuzuia mlango usifungwe. Katika leseni aliyoitoa mwaka wa 1989 alisema: chukua, rekebisha, hata uza ukipenda, ila umpaye programu hii, mpe na haki zile zile ulizopewa wewe. Kijana wa Ufini, Linus Torvalds, alianza mwaka wa 1991 kuandika kiini cha mfumo wa Linux, kisha akakiweka chini ya leseni hiyo. Kiini hicho ndicho kiendeshacho simu za Android, na huenda ukawa nayo moja mfukoni sasa hivi.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitoa programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kuiomba kampuni yoyote ihurumie lugha yetu, kwa sababu programu ya asili ilikuwa huria. Na mwezi wa Januari 2008, Kenya ilipokuwa katika machafuko baada ya uchaguzi, vijana wachache walijenga Ushahidi, programu ya kukusanya habari za wananchi na kuzionyesha katika ramani. Walipoifanya huria, ikasafiri. Mwaka wa 2010 ilitumika Haiti kuwatafutia msaada watu waliopatwa na tetemeko la ardhi. Neno la Kiswahili likaenda ng'ambo, safari hii kwa hiari ya wenyewe na pamoja na jina lake.

Sasa, msomaji, ukumbuke mfereji wa Taita. Huoni kuwa leseni ile na mfereji ule ni ndugu? Vyote viwili si vya mtu mmoja, wala havikuachwa bila ya masharti. Ua la Usambara lilitoka pasipo sharti, likawatajirisha wengine. Hataza za London zilikuwa na masharti pasipo ushirika, zikamfungia nje fundi wetu. Mfereji una vyote viwili. Lakini una onyo pia: usiposafishwa hukauka. Mwaka wa 2014 iligunduliwa kasoro ya hatari katika programu huria iliyolinda siri za sehemu kubwa ya intaneti, na watu wakashangaa kusikia kuwa programu ile, iliyotumiwa na makampuni tajiri, ilikuwa ikitunzwa na watu wachache mno. Wengi walikuwa wakinywa, na wazibuaji walikuwa haba.

Hayo ndiyo maoni yangu, nawe una ruhusa ya kuyapinga. Sikuambii udharau hakimiliki, wala sikuambii uiogope. Ukiandika shairi, weka jina lako na ulijue tamko la sheria juu yake. Ukitumia kazi ya mwingine, mtaje na umlipe impasavyo. Ukitunga programu, chagua kwa hiari yako kuiuza au kuifanya huria, na andika masharti yako. Na kila utumiapo kitu kilichoachwa wazi na wengine, jiulize kama ajiulizavyo mkulima wa Wundanyi aonapo maji yakifika shambani kwake: siku ya kuzibua mfereji ni lini, na jembe langu li wapi?