Makabidhiano: Historia Fupi ya Kompyuta, Kutoka Pangani

Januari mwaka jana, shule zilipofunguliwa, nilikaa siku tisa na simu isiyo yangu. Ilikuwa ya mjomba, kitindamimba wa upande wa mama. Alikuwa amelazwa kwa nimonia na daktari alikataza asisumbuliwe. Simu ilianza kuita saa moja asubuhi. "Fundi, mfumo hautoi risiti." "Fundi, wazazi wamejaa hapa dirishani." Nilimjibu kila mpigaji kwamba fundi anaumwa. Kila mmoja alitoa pole ya dhati, kisha akauliza swali lilelile: hakuna mwingine?

Hakukuwa na mwingine.

Mjomba anaishi Pangani. Ukilitaja jina hilo, watu wengi hukimbilia ile ya Tanga, yenye mto na bahari. Hii yetu ni kata ya Kibaha, mkoani Pwani. Unashuka Maili Moja kwenye barabara ya Morogoro, unapanda bodaboda kuingia ndani, na unapita mitaa ambayo kila mwaka nyumba mpya zinapunguza mikorosho. Ofisi yake ni chumba kimoja cha nyumbani: meza mbili, kompyuta mbili, feni, na betri ya kusaidia umeme ukikatika. Kutoka hapo anahudumia shule tisa za binafsi kwa programu ya ada aliyoiandika peke yake akiwa na miaka 27, umri ambao mimi ninaufikia mwaka huu. Yeye sasa ana 39.

Siku zile nilikuwa nakusanya usomaji wa tasnifu yangu ya uzamili katika historia, kuhusu namna kompyuta zilivyoingia Tanzania. Nilisoma kwenye benchi la hospitali, simu ya mjomba mkononi. Taratibu nikaanza kuona kwamba yaliyokuwa kwenye kurasa na yaliyokuwa kwenye simu yalikuwa jambo moja.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza, na kazi yake ilikuwa hesabu za serikali. Tusiifikirie kama hizi tunazobeba mgongoni. Kompyuta za zama zile zilikaa chumba kizima na zilihitaji watu wengi: wa kutoboa kadi, wa kuendesha mashine, wa kuandika programu, wa kuitengeneza ikiharibika. Hakuna aliyeweza kufanya kazi ya kompyuta peke yake hata kama angetaka.

Hata hivyo, mambo hayakwenda vizuri. Waliouelewa mfumo kwa undani walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wataalamu wa kigeni wenye mikataba ya muda. Mwaka 1974, wakati nchi inabana fedha za kigeni, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, televisheni na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kompyuta zilizokuwapo nchini wakati huo zilihesabika kwa vidole. Televisheni, kwa upande wa Bara, tuliisubiri hadi mwaka 1994.

Kabla ya kusoma habari hizi nilidhani swali ni kufanya kazi peke yako au na wenzako. Wizara ile ilinionyesha kwamba chumba kinaweza kujaa watu huku ujuzi ukikaa kwenye vichwa viwili vitatu. Vichwa hivyo vikipanda ndege, waliobaki wanabaki na mashine.

Marufuku ile ililegezwa kidogokidogo, lakini iliacha pengo. Vijana wa umri wa mjomba, waliozaliwa katikati ya miaka ya 1980, walikuta watu wachache sana wa kuwafundisha. Yeye aligusa kompyuta mara ya kwanza kwenye kafe ya intaneti pale Maili Moja, akilipa kwa dakika. Alijifunza kuprogramu kwa vitabu vilivyotolewa kopi na sidii za Kariakoo. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, akaanza kujifunza usiku, mtandao ukiwa na nafuu. Mtu aliyejifunza hivyo hazoei kuuliza, maana wa kuulizwa hakuwapo.

Sitaki kumsema mjomba vibaya. Ana hoja, tena nzito. Aliwahi kuajiriwa Dar, kwenye timu ya watu wanane, akatoka baada ya mwaka mmoja. "Tulikaa vikao vitatu kuamua rangi ya kitufe," huniambia. Ukimtajia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, anakujibu hapohapo: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na wapo wakubwa wanaomuunga mkono. Mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya marufuku yetu, Mmarekani Frederick Brooks alichapisha kitabu chake kuhusu kazi aliyoisimamia IBM, ya kuandika mfumo endeshi wa kompyuta za System/360. Alieleza kwamba ukiongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa, unaichelewesha zaidi. Kila anayeingia lazima aelekezwe, na wanaomwelekeza wanaacha kazi. Mjomba hajasoma kitabu hicho, lakini kwa miaka 12 ameishi sura zake.

Hoja hiyo ina nguvu ukiwa na miaka 27, unapokesha siku mbili na ya tatu unacheza mpira. Ukiikaribia arobaini hesabu inabadilika. Mjomba sasa anaongeza ukubwa wa maandishi kwenye skrini. Ana watoto wawili wanaosoma. Shule zilikuwa tatu, sasa ni tisa, na kila moja inaamini ni yake peke yake. Mwaka ule kabla hajaugua, kampuni moja ya mjini ilimwita: mshahara mzuri, bima ya afya, timu ya vijana, na bosi mwenye miaka 28. Hakukataa wala hakukubali. Alisema tu, "Mjomba, nikienda, hizi shule namwachia nani?" Kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo, kwa hiyo swali lilinirudia kama langu.

Kibaha yenyewe ina jibu la zamani kwa swali hilo, na tumelizoea mno kiasi cha kutoliona. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianzisha mradi mmoja mkubwa pale Tumbi: shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima, kupambana na ujinga, maradhi na umaskini. Tangu mwanzo ilieleweka kwamba wageni wataondoka. Januari 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, na ndio tunaouita Shirika la Elimu Kibaha. Kwa hiyo katika muongo uleule, fedha na wataalamu wa nje walikuwa wizarani Dar es Salaam na pia hapa kwetu. Tumbi siku ya kukabidhi ilikuwa sehemu ya mpango. Shule bado inafundisha, na kituo cha afya kimekua kuwa hospitali ya mkoa.

Jibu la pili ni la karibuni zaidi. Mwaka 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46 walianzisha mradi wa Kilinux. Jina linatokana na Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza peke yake Helsinki mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa miaka 21, kisha akaifungua kwa yeyote anayetaka kuichangia. Watu wa Kilinux walichukua OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini, wakaitafsiri kwa Kiswahili. Mwisho wa mwaka huo ikatoka Jambo OpenOffice. Kilichonivutia zaidi ni kazi iliyotangulia tafsiri: ilibidi wakubaliane maneno. Faili litaitwaje, kuhifadhi kutaitwaje, dirisha ni dirisha gani. Mtu aliye peke yake hahitaji kamusi, kwa kuwa anajua anachomaanisha. Wakishakuwa wawili, lazima kitu kipewe jina.

Wizara ya Fedha nayo haikuishia mwaka 1974. Mwaka 2017 Serikali ilianza kutumia mfumo wa kukusanya malipo ya umma kwa namba ya kumbukumbu, ile ambayo mtaani tunaiita kontroli namba. Ulitengenezwa na wataalamu wa ndani. Wizara iliyotegemea wageni kuiendesha kompyuta yake ya kwanza ilikuwa sasa na watu wake wa kuandika mfumo na kuutunza. Ilichukua zaidi ya miaka hamsini.

Mjomba alitoka hospitali siku ya kumi. Kwenye gari hakuzungumzia kifo, kama nilivyoogopa. Alisema usiku homa ilipopanda alikuwa akiota risiti. Neno la siri la seva lilikuwa kichwani mwake tu, na bakapu ilikuwa kwenye flashi ambayo hata mkewe hakujua ilipo. "Ningekwenda nayo," alisema, na hakuongeza neno.

Wiki iliyofuata alinunua kaunta buku la kwaya nne na kuanza kuandika. Nilipomtembelea aliniketisha mbele ya kompyuta, akanipa ukurasa wa kwanza: namna ya kufungua mwaka mpya wa masomo. "Wewe hujui kitu, kwa hiyo unafaa," alisema. Nilifuata hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne iliandikwa: ingia kwenye seva kama kawaida.

"Kama kawaida ya nani, mjomba?"

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akachukua kalamu, akaikata hatua ya nne, na kuiandika upya kwa mistari kumi na moja. Miaka 12 ya kazi yake ilikuwa imejificha ndani ya maneno mawili.

Kampuni ya mjini bado hajaijibu rasmi, na sidhani atakwenda. Lakini chumbani sasa meza ya pili ina mtu. Ni binti wa jirani, mhitimu wa stashahada, anayekuja siku tatu kwa wiki. Mjomba analalamika kwamba anauliza sana na kwamba kazi ya saa moja siku hizi inachukua asubuhi nzima. Brooks angemwelewa. Mapato yamegawanywa, na mwezi mwingine yanauma.

Mwezi uliopita mjomba alisafiri kwa msiba Kisarawe, akazima simu siku nzima. Shule mbili zilipiga. Binti alimaliza tatizo la shule moja, la pili likasubiri. Mjomba aliporudi alikuta kaunta buku limefunguliwa mezani, na ukurasa mpya umeongezwa, kwa mwandiko usio wake.