Roki ya Waamazigh: Gita Zinazotetea Lugha na Ardhi

Ukisikia roki, pengine akili yako inakimbia London ama Marekani. Ngoja kwanza. Kaskazini mwa Afrika kuna mbogi za wasanii wanaochapa gita za umeme wakiimba Kitamazight, lugha ambayo kwa miaka mingi haikuwa na nafasi shuleni wala serikalini.

Waamazigh ni akina nani?

Ni wenyeji wa kaskazini mwa Afrika tangu kabla Waarabu hawajafika. Dunia imezoea kuwaita Waberber, lakini hilo ni jina la kupewa na wageni. Wao hujiita Imazighen, na wengi husema maana yake ni "watu huru". Wengi wako Moroko na Algeria. Watuareg wa Sahara nao ni ndugu zao wa lugha.

Ngoma ndiyo ilikuwa darasa

Mwaka wa 1980, serikali ya Algeria ilizuia mhadhara wa mwandishi Mouloud Mammeri kuhusu mashairi ya kale ya Kiamazigh. Vijana wakaingia barabarani. Mwanamuziki Lounès Matoub, aliyeitetea lugha hii bila kuogopa mtu, aliuawa kwa risasi 1998. Kitamazight kilikuja kuwa lugha rasmi Moroko mwaka wa 2011, na Algeria 2016. Kwa hivyo kwa miaka mingi kabla ya hapo, mtoto angejifunza wapi maneno ya babu yake kama si nyumbani na kwa kaseti?

Ukame ulivyozaa gita

Miaka ya 1970, ukame uliua mifugo ya Watuareg huko Mali na Niger. Maboy wakabaki bila ng'ombe wala ngamia, wakavuka mipaka kwenda kuhustle Algeria na Libya. Wakaitwa ishumar, jina lililotokana na neno la Kifaransa la mtu asiye na kazi. Mmoja wao, Ibrahim Ag Alhabib, alijitengenezea gita la kwanza kwa mkebe, kijiti na waya wa breki ya baiskeli. Manze, hapo ndipo mizizi ya Tinariwen ilipo, bendi ambayo jina lake linamaanisha "majangwa". Mwaka wa 2012 walibeba Grammy kwa albamu yao ya Tassili.

Agdal: malisho yana saa yake

Bendi ya Meteor Airlines, kutoka kusini-mashariki mwa Moroko, ina albamu inayoitwa Agdal. Agdal ni sheria ya zamani ya jamii: malisho yanafungwa kwa msimu ili nyasi zikomae, kisha yanafunguliwa kwa wote siku moja. Kule Oukaïmeden, milima ya Atlas, mifugo hukaa nje kuanzia Machi hadi Agosti.

Si hadithi za kale tu. Mwaka wa 2011, wanakijiji wa Imiter walipanda mlima Alebban wakafunga bomba la maji ya mgodi wa fedha, wakilalamika kwamba mashamba yao yanakauka. Walipiga kambi huko hadi 2019.

Sasa umeshika point: neno agdal haliwezi kuishi kama malisho yenyewe yamekufa. Ndiyo maana wasanii hawa hawatenganishi lugha na ardhi. Anza na Tassili usiku, ukiwa umetulia. Hata usipoelewa neno moja, tayari unajua wanaimbia nini.