Mzigo wa Mpagazi na Chuma cha Mashindano: Utangulizi wa Historia ya Kunyanyua Vitu Vizito kwa Mtazamo wa Iringa

Historia ya uzito katika Iringa haikuanzia kwenye ukumbi wa mazoezi, bali njiani. Misafara iliyopita Uhehe ilitegemea mabega ya wapagazi, na mzigo wa mtu mmoja ulihesabiwa kwa frasila; frasila mbili zilikaribia kilo 32. Hata kikosi cha Emil von Zelewski, kilichoangamizwa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, kilikuwa na wapagazi wapatao 170. Nguvu yao ilipimwa kwa masafa na siku, wala haikuwa na mshindi. Ni kosa, basi, kuuona mchezo wa kunyanyua vitu vizito kuwa mwendelezo wa upagazi, ingawa kosa hilo linavutia.

Mchezo huu hupima jambo jingine: uzito mkubwa kabisa unaoweza kufikishwa juu ya kichwa na kutulizwa hapo, mikono ikiwa imenyooka, mpaka waamuzi waridhike. Ugumu wa uamuzi ulijitokeza mapema. Huko Athens mwaka 1896, Viggo Jensen wa Denmark na Launceston Elliot wa Uingereza walinyanyua kilo 111.5 kila mmoja kwa mikono miwili. Ushindi alipewa Jensen kwa umaridadi wa mnyanyuo wake. Elliot alilipiza kwa mkono mmoja. Makundi ya uzito wa mwili yaliingia katika Olimpiki ya Antwerp ya 1920, na ndipo mtu mwembamba alipopata nafasi ya haki. Mnyanyuo wa kusukuma uliondolewa baada ya Munich 1972, kwani washindani waliegemea nyuma kiasi cha kuwafanya waamuzi wasikubaliane. Imebaki miwili: kunyakua chuma kutoka chini hadi juu kwa mkupuo mmoja, na kukipandisha kwanza mabegani kisha juu. Wanawake walisubiri hadi Sydney 2000.

Afrika haikuchelewa. Sayed Nosseir wa Misri alitwaa dhahabu Amsterdam mwaka 1928, naye Khadr El Touni akatwaa Berlin mwaka 1936. Afrika Mashariki ina habari nyingine, na sababu iliyo karibu zaidi ni kifaa. Mtaimbo wa mashindano wa wanaume una kilo 20, na ncha zake huzunguka ili viganja vigeuke bila kuumia. Vyuma vya mitaani, yaani bomba lililozamishwa katika makopo ya zege, havizunguki, haviwezi kuachiwa vianguke, na uzito wake ni wa kukisia. Vinafaa kutunisha misuli, kunyakua, hapana.

Anayevuka kikwazo hicho hukutana na kingine. Julius Ssekitoleko wa Uganda, aliyeshika nafasi ya 10 katika kundi la kilo 56 huko Gold Coast mwaka 2018, alifika Izumisano, Japani, Juni 2021 kujiandaa kwa Olimpiki. Huko akaarifiwa kuwa hakufuzu. Aliondoka kambini akiacha ujumbe kwamba angependa kufanya kazi Japani, kwa kuwa maisha nyumbani ni magumu. Siku nne baadaye alipatikana katika mkoa wa Mie, akarudishwa Uganda.