Nini Kibadilike, Nini Kibaki: Wamiliki wa Mashua za Folkboat na Historia ya Kiwango

Utangulizi

Wanaisimu tumezoea kuichunguza dhana ya usanifishaji kupitia kamusi, sarufi na maamuzi ya kamati. Makala hii inaichunguza kupitia chombo cha majini: Folkboat, mashua ndogo ya tanga iliyobuniwa Skandinavia. Kwa miongo mingi wamiliki wake wamebishana kuhusu swali moja: ni mabadiliko gani yanayoweza kufanywa katika mashua hiyo bila kuiondolea jina lake? Hoja ya msingi ya makala ni kwamba kiwango hicho kilidumu kwa sababu wenye vyombo walitenganisha yasiyoguswa na yale aliyoachiwa kila mmiliki, na waliotaka zaidi ya hayo walitoka na jina jipya.

Chimbuko la kiwango

Mwaka 1941, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, shirikisho la wasafiri wa tanga wa Skandinavia lilitangaza shindano la kusanifu mashua ya gharama nafuu. Mashua hiyo ilitakiwa iweze kushindana na wenzake, na pia iweze kuichukua familia kwa matembezi ya siku kadhaa. Michoro 58 iliwasilishwa. Waamuzi hawakuona hata mmoja uliotosha peke yake; walikusanya sifa bora za michoro kadhaa, na Msweden Tord Sundén akapewa kazi ya kuziunganisha. Mashua ya kwanza ilishushwa majini Göteborg mwaka 1942.

Ilikuwa na urefu wa takriban mita 7.6, upana wa mita 2.2 na matanga ya mita 24 za mraba. Uzito wake ulikaribia tani 2, na karibu nusu yake ilikuwa chuma kilichofungwa kwenye mkuku. Mbao za ubavuni zilipandana ukingoni kama vigae vya paa. Kibanda kilikuwa kifupi kiasi kwamba mtu mzima hakuweza kusimama wima ndani yake.

Jina lake, ambalo maana yake ni ‘mashua ya watu’, lilibeba mahitaji mawili ambayo hayapatani daima. Mshindani alitaka mashua zote zifanane, ili ushindi uwe wa ustadi wa nahodha na si wa mfuko wake. Msafiri alitaka nafasi, ukavu na wepesi wa kuendesha. Mjadala uliofuata ulizaliwa na jozi hiyo.

Kibanda, mbao na faiba

Baada ya vita, mashua hizi zilipoanza kuundwa Uingereza, baadhi ya mafundi waliziunganisha mbao ukingo kwa ukingo, hata ubavu ukawa laini. Wamiliki wengine waliinua paa la kibanda na kufunga injini. Kwa msafiri, hayo yalikuwa maboresho ya dhahiri. Kwa mshindani, kila badiliko lilipunguza maana ya kushindana, kwani vyombo visivyolingana havipimi ustadi.

Mtihani mkubwa zaidi uliletwa na faiba, yaani plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Marieholm ya Sweden ilianza kuunda mashua ya faiba iliyochorwa na Sundén mwenyewe, yenye ubavu laini na kibanda cha nafasi zaidi. Zaidi ya mashua 3,000 za aina hiyo ziliundwa. Hata hivyo, hazikuingizwa katika daraja la mashua za awali. Zilijulikana kwa jina lao, Folkboat ya Kimataifa, au IF kwa kifupi, na zikawa na mashindano yao.

Wamiliki wa mashua za mbao nao hawakuweza kuikataa faiba moja kwa moja. Mbao nzuri na mafundi wake vilizidi kuwa ghali, na chombo kisichoundwa upya hupungukiwa na wenyewe. Lakini kama mashua mpya ingekuwa nyepesi na ya kasi zaidi, zile za zamani zingepoteza thamani mara moja. Suluhisho la miaka ya 1970 lilikuwa kuikubali faiba kwa masharti: uzito ulingane, na mistari ya mbao zinazopandana ibaki ubavuni. Faiba haihitaji mbao kupandana. Mistari ile ilibakizwa ili umbo linalokutana na maji liwe lile lile, na mashua ya mbao iweze kushindana kwa haki na ya faiba.

Waliotoka na jina jipya

Wapo waliovuka mipaka kwa makusudi. Mwingereza Blondie Hasler aliichukua mashua yenye umbo la Folkboat, akaifunika karibu sitaha yote, akaisimika mlingoti mmoja na tanga la Kichina ambalo aliliendesha bila kutoka ndani. Akaiita Jester. Mwaka 1960 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya kwanza ya kuvuka Atlantiki mtu akiwa peke yake, kutoka Plymouth hadi New York. Katikati ya miaka ya 1960, Uingereza ilipata mrithi mwingine, Contessa 26 ya msanifu David Sadler na muundaji Jeremy Rogers. Hakuna kati yao aliyedai kwamba chombo chake ndicho Folkboat halisi. Ubunifu haukuzuiwa, wala kiwango hakikuvunjwa.

Hitimisho

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Haukuchanganya sifa za lahaja kama waamuzi wa Skandinavia walivyochanganya michoro. Hata hivyo, swali linalotukabili leo ni lile la wamiliki wa mashua. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na kila nchi jirani inakiingizia maneno na lafudhi yake. Washauri wa sera wakijaribu kusanifisha kila kitu, wazungumzaji wapya watajiona wageni. Wakiacha kila kitu, mtihani, mkataba na kitabu cha kiada havitavuka mpaka.

Makala inapendekeza orodha fupi ya yasiyoguswa, hasa tahajia, upatanisho wa kisarufi na istilahi za sheria na tiba. Mengine yaachiwe watumiaji. Orodha hiyo iandikwe na wenye lugha wa nchi zote, wakiwemo wale waliojiunga jana, kwa kuwa kiwango cha Folkboat kililindwa na watu walioziendesha mashua zenyewe.