Umeripoti hitilafu ya programu huria na hujajibiwa: kwa nini, na ufanye nini?

Programu ya simu ikikwama, wengi wetu huizima simu, tukaiwasha tena na kuendelea na shughuli. Wachache hupata muda wa kuwaandikia walioitengeneza. Kati ya hao, wapo wanaosubiri miezi bila jibu, na wapo wanaojibiwa kwa mstari mmoja tu, wakakata tamaa. Katika makala haya tunaeleza kwa nini jambo hili hutokea sana kwenye programu huria, na namna ya kuandika ripoti itakayofanyiwa kazi.

Programu huria ni nini?

Ni programu ambayo maandishi yake ya ndani, yaani msimbo, yamewekwa wazi ili yeyote ayasome, ayatumie na kuyarekebisha. Kivinjari cha Firefox ni programu huria. VLC, ambayo wengi huitumia kutazama filamu, ni huria pia. Ilianzia kwa wanafunzi wa uhandisi nchini Ufaransa. Ipo pia DHIS2, mfumo ambao wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda huutumia kukusanya takwimu za vituo vya afya. Unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kwa hiyo programu huria inamgusa hata mtu asiye na simu janja.

Programu nyingi za aina hii zina daftari la hitilafu kwenye intaneti. Kila ripoti hupewa namba, na kwa kawaida yeyote anaweza kuisoma. Daftari la Mozilla, watengenezaji wa Firefox, lilianza mwaka 1998, na kufikia 2014 namba zake zilikuwa zimefika milioni moja.

Kwa nini ripoti hukaa bila jibu?

Kwanza, wasomaji ni wachache. Baadhi ya programu zina wafanyakazi wa kulipwa, lakini nyingine hutunzwa na mtu mmoja au wawili wanaojitolea usiku baada ya kazi zao.

Pili, ripoti nyingi hazina maelezo ya kutosha. Mtu akiandika "programu yenu haifanyi kazi," mtengenezaji hana pa kuanzia. Ataifungua kwenye simu yake, ataona iko sawa, naye atajibu kwamba kwake inafanya kazi.

Tatu, ripoti hufungwa kwa kupitwa na wakati. Mfumo wa kompyuta wa Fedora, kwa mfano, huhudumia kila toleo kwa takriban miezi 13. Muda huo ukiisha, ripoti za toleo hilo hufungwa hata kama tatizo halijaguswa, na aliyeripoti hutakiwa kujaribu toleo jipya na kueleza kama tatizo bado lipo. Kwa aliyetumia bando lake kuandika, hilo linauma.

Nne, madaftari mengi ni ya Kiingereza, na hutaka ufungue akaunti kwanza. Hapo ndipo sisi wa vijijini tunapopotea. Hitilafu inayotokea kwenye simu ya bei nafuu, yenye nafasi ndogo na mtandao wa kusuasua, haionekani kwenye meza ya mtengenezaji mwenye intaneti ya kasi. Tusipoiripoti, kimya chetu husomeka kama hakuna tatizo.

Je, kufoka kunasaidia?

Kisa cha xz kinaonyesha hatari yake. Hii ni programu ndogo ya kubana mafaili, iliyomo ndani ya mifumo mingi ya kompyuta. Mtunzaji wake alikuwa mmoja, asiyelipwa. Mwaka 2022 alianza kupokea ujumbe wa kumlaumu kwamba ni mzito na awapishe wengine. Alijibu kwamba anajitolea tu na kwamba afya yake ya akili imekuwa na matatizo. Baadaye msaidizi aliyetumia jina la Jia Tan alipewa mamlaka ya kubadilisha msimbo, na mwaka 2024 akaingiza mlango wa siri wa kuwaruhusu wavamizi. Wachunguzi wengi wanaamini lawama zile zilikuwa sehemu ya njama.

Aliyegundua ni mhandisi Andres Freund. Aliona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Hakupuuza. Alichunguza, akaandika alichokiona hatua kwa hatua, na tarehe 29 Machi 2024 akakitangaza kabla mlango huo haujasambaa kwenye kompyuta nyingi.

Ripoti inayofanyiwa kazi

Iwe na mambo haya matano:

1. Aina ya simu na toleo la Android.
2. Toleo la programu. Litafute kwenye mipangilio, sehemu ya "Kuhusu".
3. Ulichofanya, hatua kwa hatua.
4. Ulichotarajia, na kilichotokea.
5. Je, hutokea kila mara, au mara mojamoja?

Mfano: "Natumia Android 10. Nikifungua video iliyo kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha nikalaza simu ubavu, programu inajifunga. Nimejaribu mara tano, imejifunga mara tano. Video hiyohiyo ikiwa ndani ya simu haina shida." Sentensi fupi kama hizi hutafsirika kwa urahisi.

Kabla ya kutuma, tafuta kama kuna aliyekwisha kuripoti. Ukimkuta, ongeza maelezo yako chini ya ripoti yake badala ya kuanzisha mpya. Ripoti moja yenye mashahidi watatu ina uzito kuliko tatu zilizotawanyika.

Chunga siri zako

Kumbuka kuwa daftari ni la wazi. Picha ya skrini isionyeshe namba za simu, salio la pesa au majina ya wagonjwa. Ukigundua hitilafu inayoweza kumsaidia mwizi, usiiandike hadharani. Programu nyingi zina barua pepe maalum ya kuripoti mambo ya usalama kwa faragha.

Ukiendelea kukaa bila jibu

Subiri wiki chache, jaribu toleo jipya, kisha uliza kwa upole, ukieleza kama tatizo bado lipo. Kwa mifumo ya serikali kama DHIS2, anza na msimamizi wa takwimu wa wilaya yako, kwa sababu mara nyingine tatizo liko kwenye mipangilio ya nchini.

Hata ripoti nzuri inaweza isirekebishwe mwaka huu. Lakini inabaki na namba yake daftarini, na mwingine mwenye simu kama yako akikutana na tatizo hilo, atajua hayuko peke yake.