Mapigano ya Msumbiji (1622)

Mapigano ya Msumbiji ya mwaka 1622 yalikuwa mapigano ya baharini kati ya msafara wa merikebu za Ureno na kundi la manowari za Uholanzi na Uingereza. Yalitokea mwezi Julai karibu na Kisiwa cha Msumbiji, kaskazini mwa nchi ya leo ya Msumbiji.

Msafara ulitoka Lisbon kuelekea Goa. Kiongozi wake alikuwa Francisco da Gama, kitukuu wa Vasco da Gama, aliyekuwa akienda Uhindi kuwa makamu wa mfalme kwa mara ya pili. Merikebu zilibeba masanduku ya sarafu za fedha. Bidhaa za Ulaya hazikupata wanunuzi wengi Uhindi, kwa hiyo pilipili manga ililipiwa kwa fedha, ambayo nyingi ilichimbwa katika makoloni ya Hispania huko Amerika.

Kuuvizia msafara kama huu hakukuwa kugumu, maana ratiba yake ilipangwa na upepo. Merikebu zilizotoka Lisbon mwezi Machi au Aprili zilifika Msumbiji katikati ya mwaka. Zilitia nanga kisiwani, zikachukua maji na kushusha wagonjwa, kisha zikavuka bahari kwa kusi kabla haujageuka. Aliyetaka kuzishambulia alihitaji tu kusubiri karibu na kisiwa.

Ilimbidi hata hivyo azipate kabla hazijaingia bandarini. Ngome ya São Sebastião, iliyoanza kujengwa mwaka 1558, ilikuwa imewashinda Waholanzi mara mbili, mwaka 1607 na 1608.

Washambuliaji waliongozwa na Jacob Dedel, Mholanzi, na Michael Green, Mwingereza. Kampuni zao za biashara zilikuwa zimepatana mwaka 1619 kushirikiana dhidi ya Wareno, ingawa huko Ulaya Uingereza haikuwa vitani na mfalme wa Hispania, aliyetawala pia Ureno.

Wareno walipoteza merikebu tatu kubwa. Santa Teresa na São Carlos zilikwama zikijaribu kuingia bandarini. São José ilikwama kwenye mafungu ya Mogincual, kusini mwa kisiwa, na washambuliaji wakachukua fedha kutoka ndani yake. Da Gama aliokoka, akafika Uhindi na kutawala hadi mwaka 1628.

Fedha yote haikuchukuliwa. Katika karne ya 21 wapiga mbizi wa kampuni ya kibiashara walipata mabaki ya São José pamoja na maelfu ya sarafu. Nyingi ziliuzwa kwa wakusanyaji, jambo lililolaumiwa na wanaakiolojia.