Teknolojia ya nyumbani kwa wazee na walemavu: Kengele si kitu bila wa kuiitikia

MNAMO mwaka wa 1960, Mwingereza aitwaye Reg Maling alikuwa akiwatembelea wagonjwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, inayosifika kwa kuwatibu watu waliopooza. Huko aligundua kuwa mgonjwa asiyeweza kuinua hata kidole hakuwa na chombo chochote cha kujisaidia isipokuwa kengele. Angeweza kumwita muuguzi, basi. Kuwasha taa, kuzima redio au kuandika barua ilikuwa kazi ya wengine.

Maling na wenzake walichukua takriban miaka miwili kuunda mtambo uliomwezesha mgonjwa kuendesha taipureta kwa pumzi. Mgonjwa alipuliza au kuvuta hewa kupitia mrija mdogo, na mtambo ukazifasiri pumzi hizo kuwa amri. Ukaitwa Possum, neno ambalo kwa Kilatini lina maana ya "naweza". Baadaye mitambo ya aina hiyo iliingia majumbani, na mtu aliyepooza akaweza kuwasha taa, kufungua mlango na kupiga simu bila kumsubiri mtu.

Tangu wakati huo, vyuo vikuu na serikali za mataifa tajiri zimetumia fedha nyingi kutafiti jinsi nyumba yenyewe inavyoweza kumsaidia mzee au mlemavu kuishi bila kuhamishiwa katika makao ya kutunzia wazee. Mafanikio yamekuwepo. Lakini makosa pia yamekuwa mengi, na ndiyo yanayopaswa kutufunza sisi ambao ndio kwanza tunaanza safari hii.

Vifaa vyenyewe ni vipi?

Watu wengi wakisikia neno teknolojia huwaza tarakilishi na roboti. Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) halioni hivyo. Mnamo 2016, shirika hilo lilichapisha orodha ya vifaa 50 saidizi vinavyostahili kupewa kipaumbele na kila nchi. Humo mna vyuma vya kushikilia bafuni, viti vya kuogea, visanduku vya kupangia dawa, kengele za dharura na vifaa vinavyotambua kuwa mtu ameanguka. Chuma cha bafuni na kifaa cha kielektroniki vimewekwa pamoja kwa sababu vyote vinapimwa kwa kigezo kimoja: je, vinamwezesha mhusika kufanya asichoweza?

Kwa jumla, vifaa vya nyumbani vina kazi tatu. Vingine humwezesha mtu kutenda, kama ule mtambo wa Maling. Vingine humlinda na hatari kama vile moto, maji na kuanguka. Vingine humuunganisha na jamaa na majirani.

Kengele ya shingoni

Kifaa cha ulinzi kilichoenea zaidi ni kengele ya dharura. Katika miaka ya 1970, Wilhelm Hormann wa Ujerumani alibuni mfumo wa aina hiyo. Nchini Marekani mwanasaikolojia Andrew Dibner alianzisha huduma yake mnamo 1974.

Utendakazi wake si mgumu kueleweka. Mzee huvaa kitufe kidogo shingoni au mkononi. Akikibonyeza, mawimbi ya redio hufika kwenye kisanduku kilichounganishwa na simu, nacho hupiga simu katika kituo chenye wahudumu usiku na mchana. Mhudumu huzungumza na mzee kupitia kisanduku hicho. Asipojibiwa, huwapigia jamaa, jirani au gari la wagonjwa.

Udhaifu wake ni kwamba aliyezirai hawezi kubonyeza kitu. Ndipo wahandisi wakaunda vifaa vinavyotambua kuanguka vyenyewe kwa kupima mabadiliko ya ghafla ya mwendo wa mwili. Hata hivyo, mtu anayejibwaga kitini kwa uchovu anaweza kudhaniwa ameanguka, ilhali mzee anayeteleza polepole akiegemea ukuta huenda asitambuliwe kabisa.

Nyumba za majaribio

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walianza kujenga nyumba nzima kama maabara. Mojawapo ilikuwa mradi wa Gloucester, Uingereza, uliohusisha wahandisi wa taasisi ya uhandisi wa kimatibabu mjini Bath. Walengwa walikuwa watu wenye maradhi ya usahaulifu wa uzeeni. Mgonjwa alipoinuka kitandani usiku, taa ziliwaka taratibu na kumwonyesha njia ya msalani. Jiko lilipoachwa wazi, sauti ilimkumbusha mwenye nyumba, na mambo yasipobadilika mfumo ulizima jiko wenyewe. Bafu nayo ililindwa isifurike.

Zingatia utaratibu huo. Mfumo haukukimbilia kumpokonya mtu jiko lake. Ulianza kwa kumkumbusha, ukaingilia kati pale tu alipokuwa hatarini. Heshima ya mwenye nyumba ilizingatiwa tangu mwanzo.

Huko Atlanta, Marekani, chuo kikuu cha Georgia Tech kilijenga nyumba iliyoitwa Aware Home. Miongoni mwa mambo yaliyotafitiwa humo na kundi la Elizabeth Mynatt ni fremu ya picha ambayo ingewekwa nyumbani kwa mwana anayeishi mbali na mzazi wake. Kando ya picha ya mzazi kulikuwa na michoro ya vipepeo, kila mmoja ukiwakilisha siku moja kati ya siku 28. Mzazi alipokuwa na shughuli nyingi nyumbani, kipepeo wa siku hiyo alikuwa mkubwa. Alipotulia, alikuwa mdogo. Mwana hakuona picha ya kamera wala hakusikia mazungumzo. Alijua tu kwamba mama ameamka na anatembea, na hilo lilitosha kumtuliza moyo.

Mnamo 2005, Chuo Kikuu cha Florida nacho kilifungua nyumba kama hiyo mjini Gainesville chini ya uongozi wa Sumi Helal, yenye sakafu inayotambua mahali alipo mkazi wake.

Mbona vinatupwa?

Maabara ni tofauti na maisha. Mnamo 1993, watafiti Betsy Phillips na Hongxin Zhao walichapisha matokeo ya mahojiano na Wamarekani 227 wenye ulemavu mbalimbali. Waligundua kuwa karibu vifaa vitatu kati ya kila kumi vilikuwa vimeachwa kabisa. Miongoni mwa sababu kuu ni kwamba maoni ya mtumiaji hayakuzingatiwa wakati kifaa kilipochaguliwa. Wengine walipewa vifaa visivyofanya kazi ipasavyo, na wengine mahitaji yao yalikuwa yamebadilika.

Utafiti wa Jane Fleming na Carol Brayne wa Cambridge, uliochapishwa 2008, ulifuatilia wazee waliopita umri wa miaka 90. Kati ya walioanguka, asilimia 30 walilala sakafuni kwa saa moja au zaidi. Wengi walikuwa na kengele za dharura, lakini mara nyingi hazikutumika. Baadhi hawakuona faida yake. Wengine hawakuzoea kuivaa. Kuna waliojaribu kuibonyeza wakashindwa, na kuna walioamua kwa hiari yao kutoibonyeza.

Hao wa mwisho ndio wanaopaswa kutushughulisha zaidi. Mzee anayelala sakafuni akiwa na kengele shingoni na asiibonyeze hajasahau matumizi yake. Huenda anachelea kuwasumbua watu, au anahofia kuwa wakimkuta pale watasema hawezi tena kuishi peke yake. Hofu ya namna hiyo haitibiwi kwa kuunda kitufe bora.

Serikali ya Uingereza nayo ilianzisha majaribio makubwa mnamo 2008 katika maeneo ya Cornwall, Kent na Newham. Katika sehemu iliyohusu vifaa vya usalama wa nyumbani, watu 2,600 walishirikishwa. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kuwa katika muda wa miezi 12 vifaa hivyo havikupunguza kwa kiwango cha maana matumizi ya hospitali na huduma nyinginezo. Waliotarajia kwamba mitambo ingechukua nafasi ya wahudumu na kuokoa fedha ilibidi watafakari upya.

Na sisi je?

Ripoti ya WHO na Shirika la Watoto la Umoja wa Mataifa (UNICEF) ya 2022 ilikadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na karibu bilioni moja kati yao hawakipati. Katika baadhi ya nchi maskini, wanaovipata ni asilimia tatu tu ya wanaovihitaji.

Nchini Kenya, sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na ikapata kwamba asilimia 2.2 ya watu wa umri wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo vya hali yake. Kifungu cha 57 kinataka wazee waishi kwa heshima na kutunzwa na familia zao pamoja na serikali. Lakini mpango wa Inua Jamii ulipopanuliwa 2018 kuwafikia wenye miaka 70 na zaidi, malipo yalikuwa Sh2,000 kwa mwezi. Ni dhahiri kuwa kwa fedha hizo mzee hawezi kununua chakula na bado abakishe za kulipia kituo cha kuitikia kengele.

Kifaa tulicho nacho kwa wingi ni simu ya mkononi. Utafiti kuhusu matumizi ya simu miongoni mwa wasioona katika mtaa wa Kibera, uliochapishwa 2020 na Giulia Barbareschi na wenzake, ulionyesha kuwa watu hao huitumia simu kwa kushirikiana na jamaa, marafiki na majirani, ambao huwasaidia kufanya yale ambayo simu yenyewe haiwawezeshi. Kwa maneno mengine, simu na watu hufanya kazi pamoja.

Huo ndio ukweli ambao maabara za Ulaya na Marekani zimechukua miongo kuukubali. Sisi tumeujua kwa sababu ya uhaba, na tusiusahau vifaa vitakapofika. Kengele ya Dibner haikumwokoa mtu kwa kulia tu. Palikuwa na mhudumu aliyelipwa kuitikia. Hapa kwetu mwitikaji ni mjukuu, jirani au mhudumu wa afya ya jamii, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza iwapo yuko tayari.

Mambo ya kuzingatia

Familia inayotaka kumsaidia mzazi au jamaa mlemavu nyumbani haina haja ya kusubiri nyumba ya vipepeo. Inaweza kuanza na haya:

- Mwulize mhusika ni kazi gani inayomshinda na ni ipi asiyotaka kufanyiwa na mtu mwingine. Jibu lake litangulie ununuzi wowote.

- Anza na vya bei nafuu: chuma cha kushikilia bafuni na chooni, kiti cha kuogea, taa karibu na kitanda, swichi anayoifikia, na mteremko laini badala ya ngazi mlangoni.

- Kabla ya kumpa simu au kengele ya dharura, kubalianeni ni nani atakayeitikia mchana, na nani usiku. Kisha ijaribuni mara kwa mara, moto wa betri ukiwa mwingi na ukiwa mdogo.

- Usiweke kamera wala kifaa chochote cha kumfuatilia mtu bila idhini yake. Kuzeeka au kulemaa hakumwondolei mtu haki ya kufunga mlango wake.

- Rudi baada ya miezi michache uangalie kama kifaa kinatumika. Kikiwa kabatini, usimlaumu mwenyewe. Mwulize sababu.

Maling alipoingia katika wodi ile alikuta kengele tayari ipo, na wauguzi wa kuiitikia wapo. Alichokiona kimekosekana ni nafasi ya mgonjwa kujitendea mambo mwenyewe. Kwetu wengi hata kengele hiyo hawana. Tutakapowapa, tuhakikishe kuna mtu upande wa pili, kisha tuwaulize wangependa kuweza nini zaidi.